Ubeti wa Kalunde

Nchi ya Matamkoni haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake hawajali, kwa kuwa wanaamini kitu kikishatajwa kwa ufasaha hakihitaji tena kuchorwa. Tausi Kingaru alifika huko mwezi wa pili baada ya kumzika dada yake mkubwa, yule aliyemlea. Hakuwa na shughuli maalumu iliyompeleka. Nyumba ya marehemu ilikuwa imemshinda kukaa. Kila alipofungua kabati alikuta makopo yaliyooshwa na kupangwa, vipande vya sabuni vilivyogandamanishwa vikawa mche mmoja, kamba za mizigo zilizofunguliwa bila kukatwa na kuviringwa vizuri. Sauti ya dada ilikwisha kuanza kumpotea masikioni, lakini mikono yake ilikuwa imejaa kila pembe. Basi Tausi akafunga mlango, akashika njia, akatembea mpaka akajikuta ugenini.

Kitu cha kwanza alichokiona Matamkoni ni mto. Cha pili ni mabango. Mto wenyewe uliitwa Mwelu, na ilimbidi asimame kwa muda ndipo atambue kuwa chini ya zile chupa, ndala, mifuko na magodoro yaliyochanika kulikuwa na maji yaliyokuwa yakijaribu kupita. Kando zote mbili palisimikwa mabango makubwa yenye maandishi mazuri ya rangi ya kijani, na hakuna hata moja lililokosewa herufi. TUNZA MTO WAKO. TAKA MAHALI PAKE. MTO WETU, FAHARI YETU. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alikuwa akimalizia soda. Alipoimaliza aliitupa chupa majini, akaligeukia bango, akalitamka kwa sauti ya kutosha, "Taka mahali pake," kisha akajifuta mikono na kutaka kuendelea na safari yake.

Tausi alimuuliza kwa adabu kama hakuna faini. Yule bwana hakukasirika. Alimweleza kama mtu anavyomweleza mgeni asiyejua msikiti uko upande gani. Alisema sheria ya Matamkoni inatambua kwamba uchafuzi wote unatokana na kutojua. Mtu anayelijua tamko, na kulisema wakati wa tendo, hawezi kuhesabiwa kuwa hajui, na kwa hiyo hawezi kuhesabiwa mchafuzi. Ile chupa, kwa mujibu wa sheria, hakuitupa yeye.

Tausi akataka kujua ameitupa nani.

"Wasiojua," alisema yule bwana. "Tunawatafuta."

Nchi ile haina nyumba za wageni. Mgeni hupelekwa na mjumbe wa mtaa kwenye nyumba yoyote yenye chumba kitupu, na Tausi alipelekwa kwa mchora mabango mmoja aitwaye Lubango. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye rangi ya kijani isiyotoka kwenye kucha. Alimkaribisha, akampa maji, akamwonyesha chumba cha uani, kisha akarudi kwenye bango lake bila maneno mengi. Yalibaki mengi ya kuonekana kwa macho. Njiani Tausi alikuwa ameona nyumba nyingi, na kila moja ilikuwa na lundo lake mlangoni, na juu ya lundo kibao chenye tamko. Hapa hapakuwa na lundo. Maboga yalitambaa juu ya ua, na chini ya mgomba palikuwa na shimo la maganda lililofunikwa kwa majani makavu, lisilonuka.

Aliyefanya kazi hiyo alikuwa mtoto wa miaka sita, Nyamizi, binti wa mwenye nyumba. Tausi alimtazama jioni ile ya kwanza. Nyamizi aliosha mchele ndani ya karai, akaliinua kwa mikono miwili huku ulimi umetoka kidogo kwa uzito, akatembea polepole mpaka kwenye maboga, akayamwaga maji kwenye mashina, moja baada ya jingine. Mfuko uliokuja na nyanya aliukung'uta, akaukunja mara tatu, akausokomeza kwenye tundu la ukuta pamoja na wenzake. Chumba kilipokuwa na mwanga wa kutosha alizima taa aliyoiacha baba yake, naye baba, aliyekuwa anatafuta brashi, akaiwasha, naye Nyamizi akaizima tena. Hayo yote aliyafanya bila kusema neno, na alipoinama aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu mzima anayesikiliza chungu kinavyochemka.

"Ni mama yake huyo," alisema Lubango, alipoona mgeni anatazama.

Tausi hakuelewa. Lubango akaweka brashi chini, akamsimulia. Mkewe Kalunde alitoka milimani, mpakani mwa nchi, kwa watu wasio wasemaji. Alifariki miezi saba iliyopita, kwa homa ya siku nne. Alipokuwa hai Lubango hakuwahi kumtazama akifanya kazi. Yeye alikuwa na mabango yake, kutwa, TUNZA hiki na TUNZA kile, na rangi iliyobaki akiimwaga mtaroni nyuma ya nyumba. Aliyajua maboga yalipokuwa sahanini tu. Wiki ya tatu baada ya msiba ndipo alipotupa macho uani akamwona mtoto amebeba karai, kichwa kimeinama upande.

"Nilikaa chini, dada yangu," alisema. "Mkono ule nilikuwa nimeuweka kaburini mimi mwenyewe, nao unanipitia hapa na karai la maji ya mchele."

Tangu siku hiyo, alisema, alikuwa haendi popote jioni. Alikaa mlangoni na kazi yake akatazama.

Tausi alikaa siku kadhaa. Alijifunza mengine kuhusu nchi ile, hasa kutoka kwa jirani, Mama Sengo, ambaye kichwa chake kilipenda kutokea juu ya ua wakati wowote. Mama Sengo alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minane ambaye aliyajua matamko tisini na manne, na alipenda kumwita ayaseme mbele ya wageni. Kijana alikuja, akafungua bomba ili awe na mfano wa kuonyesha, akasimama wima, akatoa matamko yote kumi na mawili ya kuhifadhi maji, bila kigugumizi, na alipomaliza maji yalikuwa yamefika barabarani. Mama Sengo alimfuta jasho. Kisha alimnong'oneza Tausi, kwa huruma ya kweli, kwamba yule mtoto wa pale ni bubu wa tabia.

"Si bubu wa mdomo, la. Akitaka embe analiomba vizuri tu. Bubu wa tabia. Marehemu, Mungu amrehemu, alimharibu. Alikuwa anamfundisha kwa mikono."

Tausi aliuliza kama ni vibaya. Akaelezwa kuwa si vibaya tu, ni kosa. Sheria inaliita ufundishaji wa kimya. Mzazi anayetenda jambo jema mbele ya mtoto bila kulitamka anamfanya mtoto atende bila kujua kwamba anajua, na mtu wa namna hiyo hawezi kupimwa. Je, wamkague vipi? Wampe cheti cha nini? Mzazi kwanza aseme, mtoto aitikie, mkaguzi aandike. Kutenda kunaruhusiwa baadaye, kama muda unabaki. Kwa kawaida haubaki.

Mkaguzi mwenyewe alifika siku ya tano. Aliitwa Bwana Ihonde, mtu nadhifu, mwenye jani la plastiki kifuani kama beji. Alikataa kiti. Alisimama katikati ya ua, mgongo ameyapa maboga, miguu hatua mbili kutoka shimo la maganda, akafungua jalada lake bila kutazama kushoto wala kulia. Alimwita Nyamizi, akainama kwa upole, akamuuliza taka huwekwa wapi.

Nyamizi alifikiri. Kisha akamshika mkono ili ampeleke akaone.

Bwana Ihonde aliuondoa mkono wake, akauangalia, akaandika. Lubango, aliyejua kusoma maandishi yaliyogeuzwa kwa sababu ya kazi yake, aliyasoma aliyoyaandika: Hajui. Amejaribu kumgusa mkaguzi.

Maswali yalikuwa saba, na saba yote yalijibiwa hivyo hivyo, kwa kidole, kwa kichwa, kwa kukimbia kuleta mfuko uliokunjwa. Mwisho mkaguzi alifunga jalada. Hakuwa mtu mkali, na alieleza hali ilivyo kwa masikitiko. Mto Mwelu, kama wote wanavyojua, umejaa taka. Taka hizo zimetupwa na mtu. Watu wote wa mtaa huu wamekaguliwa na wanayajua matamko, kwa hiyo si wao. Amebaki mmoja asiyejua. Hakutaka kusema zaidi mbele ya mtoto, lakini baba ni mtu mzima na anaweza kujumlisha mwenyewe. Baraza litakaa baada ya siku kumi. Kama mtoto atakuwa bado hana tamko hata moja la nyumbani kwao, alilofundishwa na mzazi wake, atapelekwa Nyumba ya Kukaririshia kwa miaka mitatu.

Lubango aliuliza huko wanafanya nini. Alikuwa anajua, alichora bango la lango lao, lakini aliuliza.

Bwana Ihonde alisema ni mahali pazuri. Watoto huvishwa mifuko ya kitambaa mikononi, imefungwa kwenye viwiko, ili mikono isiwe inarandaranda wakati ulimi unajifunza. Kuoshwa wanaoshwa, kulishwa wanalishwa. Baada ya miaka mitatu mikono huwa imesahau kila kitu ilichokichukua kienyeji, na mtoto anaanza upya akiwa msafi.

Alipoondoka, Lubango hakurudi kwenye bango. Alikwenda akakaa karibu na Nyamizi aliyekuwa anachambua maharage, akaitazama mikono yake. Alichokiogopa hakikuwa fumbo. Kalunde hakuacha picha wala barua. Hakuacha hata wimbo. Aliacha mikono miwili midogo, nayo ndiyo itakayotiwa ndani ya mifuko.

Hapo ndipo Tausi alipoingilia. Alifikiri amepata njia nyepesi. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, na shuleni aliwahi kupewa daftari jipya kwa kutunga shairi. Alimwambia Lubango kwamba Baraza linataka tamko alilofundishwa mtoto na mzazi. Basi walitafute. Kama Kalunde hakulisema kwa mdomo, alilisema kwa njia nyingine, na kazi ya Tausi itakuwa kulitia maneno tu. Hautakuwa uongo. Itakuwa tafsiri.

Lubango akamgeukia. "Wewe unamjua Kalunde?"

"Simjui. Lakini namwona kila jioni akipita na karai."

Lubango aliinamisha kichwa, akasema fanya, dada.

Kwa siku mbili Tausi alimfuata Nyamizi kila alikokwenda, hata sokoni na kapu lake, akiwa na kalamu. Alikuta kwamba kumtazama mtoto yule kunamtuliza kuliko kitu chochote tangu msiba wake mwenyewe. Siku ya tatu alikuwa na mistari minne. Haikuwa mistari ya kumtoa mtu machozi, lakini ilikuwa na vina, na Matamkoni hicho ndicho kipimo.

Maji ya mchele mwaga
kwenye shina la maboga,
na sokoni ukiaga
chukua kapu la mboga.

Nyamizi hakuipenda mwanzoni. Aliisema kama anayetema mbegu. Lakini baba yake alipoisikia mara ya kwanza alifunika uso kwa kiganja, na mtoto akaona kwamba maneno yale yana nguvu ya kumfanya baba ajifunike uso. Akaisema tena. Mama Sengo akatokea juu ya ua, akapiga makofi. Nyamizi akaisema mara ya tatu, sasa kwa madaha, mkono mmoja kiunoni. Kufikia siku ya nane alikuwa anaisema bila kuombwa.

Baraza lilikaa katika jumba la ghorofa mbili juu ya ukingo wa mto. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, chini ya uenyekiti wa bibi mmoja mnene, mstaarabu, aitwaye Mheshimiwa Mwanansale. Kila mjumbe alikuwa na vikombe vya plastiki vya maji mbele yake, na kila alipomaliza kimoja alikirusha dirishani huku akisema tamko lake, taratibu, bila kukatiza hoja ya mwenzake. Tausi alikaa benchi la nyuma na Lubango. Alihesabu vikombe kumi na saba kabla ya hoja yao kufikiwa, akaacha.

Nyamizi alisimama juu ya kigoda, akatamka. Kisha mjadala ukaanza, nao ulichukua sehemu kubwa ya asubuhi.

Mjumbe wa kwanza alisifu vina lakini akauliza mtunzi ni nani. Lubango alisimama, akasema ni ya mama wa mtoto, marehemu Kalunde. Mjumbe akasikitika. Alisema tamko la marehemu halisajiliki kirahisi, kwa kuwa likionekana na kosa marehemu hawezi kuitwa kulisahihisha. Mjumbe wa pili akampinga: faida ya marehemu ni hiyo hiyo, kwamba hatabadilisha mawazo. Wa tatu alikuwa na wasiwasi na mboga. Je, tamko linamruhusu mtu kutumia kapu hilo hilo kwa samaki, au samaki aendelee na mfuko? Kamati ndogo iliundwa papo hapo, ikatoka, ikarudi, ikasema samaki watatungiwa ubeti wao mwaka ujao. Wa nne alitaka kujua kama asiye na maboga atakuwa anatenda kosa kwa kumwaga maji mahali pengine. Alijibiwa kwamba hakuna anayetegemewa kumwaga maji popote. Anategemewa kutamka.

Bwana Ihonde alipewa nafasi. Kwa haki, alisimama akasema ukweli alioujua: kwamba siku kumi zilizopita mtoto huyu hakujua lolote, na leo anajua, na kwamba hayo ni maendeleo makubwa kuliko aliyowahi kuyaona katika miaka kumi na tisa ya kazi. Baraza likapiga meza.

Mheshimiwa Mwanansale alimwita Nyamizi karibu, akambandika jani la plastiki kifuani. Alitangaza mambo matatu. Mtoto anajua, kwa hiyo si mchafuzi, na taka za mto zinarudishwa katika upelelezi. Mtoto atabaki nyumbani kwao. Na ubeti wa Kalunde, kwa uzuri wake, utachapishwa juu ya karatasi ngumu za plastiki elfu thelathini, upigiliwe kwenye kila mti wa nchi.

Njiani kurudi Lubango alimbeba bintiye mabegani, naye Tausi alitembea pembeni yao akihisi, kwa mara ya kwanza katika miezi miwili, kwamba amemfanyia mtu jambo. Watu walitoka milangoni kumsikia Mtamkaji Mdogo. Nyamizi aliwatamkia wote. Mbele ya duka moja walimpa pipi, akaimenya, karatasi ikaanguka, na hakuna aliyeiona kwa sababu wakati huo alikuwa anatamka.

Siku tatu zikapita hivyo. Nyumba ilijaa wageni waliokuja kumsikia mtoto, na Tausi aliridhika, hakutazama vizuri. Siku ya nne wageni hawakuja. Jioni jua lilikuwa bado liko juu ya paa za jirani, Lubango amekaa mlangoni mahali pake, hana bango mkononi. Nyamizi aliosha mchele. Akasimama wima, mkono mmoja kiunoni, akasema mistari yote minne kwa sauti nzuri. Kisha akayamwaga yale maji meupe hapo hapo kizingitini, miguuni pa baba yake, akaingia ndani na mchele.

Maji yalitambaa kwenye vumbi, yakafanya ulimi mrefu, yakakauka. Tausi aliyafuata kwa macho mpaka yakaisha. Alimwita mtoto, akamuuliza kwa upole kwa nini hakuyapeleka kwenye maboga.

Nyamizi alishangaa. Hakuwa mkaidi. Alimjibu kama yule bwana wa soda alivyomjibu.

"Nimeshasema, shangazi."

Tausi alimtazama Lubango, akitumaini labda hakusikia. Alikuwa amesikia. Alikuwa anautazama ule unyevu kizingitini, na aliposema, hakusema kwa hasira.

"Kalunde nilimzika mimi, kwa mikono hii. Watu wakaja, tukakaa matanga, yakaisha. Nikasema amekufa." Akapumua. "Kumbe hakuwa amekufa, dada. Amekufa leo."

Tausi aliomba radhi. Alisema alidhani maneno yatayalinda yale mambo, kama kifuniko. Lubango alitikisa kichwa, akamwambia asijilaumu, kwani yeye Lubango amechora mabango miaka ishirini akidhani hivyo hivyo. Tena, alisema, kama kuna wa kulaumiwa ni mtu aliyekaa mlangoni kila jioni akitazama mikono ya mkewe ikipita na mzigo, asiinuke hata siku moja kuipokea. Alikuwa amemgeuza mtoto kuwa picha ya ukutani. Mtoto wa miaka sita ataibeba nyumba nzima ya marehemu kwa siku ngapi, peke yake, kabla hajachoka au hajapewa pipi?

Walikula wali mapema, jua bado halijazama. Jiko lilikuwa bado na makaa mekundu, mengi tu, kwa kuwa Nyamizi alikuwa ametia mkaa kwa haraka, mawazo yake yakiwa kwenye kutamka. Lubango aliinuka. Tausi hakuwa amewahi kumwona akigusa jiko. Alilizunguka kama mtu anayemzunguka ng'ombe asiyemjua. Alichutama, akaokota kaa kwa vidole, akaliachia upesi, akanyonya vidole. Kisha akafanya alichodhani ndicho kinachofanywa: akachukua kopo la maji akaliinua juu ya jiko.

Mkono mdogo ulimshika kifundo.

Nyamizi alikuwa ametoka ndani bila kusikika. Hakusema kitu. Aliliondoa kopo la maji kutoka mkononi mwa baba yake, akaliweka chini mbali. Akaenda nyuma ya mtungi, akarudi na chungu cha zamani chenye mdomo uliovunjika, na koleo, na mfuniko wa bati uliopinda. Chungu hicho Tausi hakuwahi kukiona. Kilikuwa na majivu ndani, ya siku nyingi, yameshikana. Mtoto akampa baba yake koleo. Lubango alilishika vibaya. Nyamizi akavikunjua vile vidole vyenye kucha za kijani, akamwekea kidole kimoja hapa na kingine pale, akaubana mkono wake kwa mikono yake miwili, wakachukua kaa la kwanza pamoja, wakalilaza juu ya majivu. La pili wakalilaza. La tatu Lubango akalichukua mwenyewe, likamponyoka, likaviringika, Nyamizi akalizuia kwa mfuniko kabla halijafika kwenye mkeka, na bila kutaka akacheka.

Tausi alikaa alipokuwa. Alielewa mara moja kinachofanyika: makaa yakifungiwa bila hewa yanalala, na kesho asubuhi yanawashwa tena, hakuna haja ya gunia jipya mapema. Dada yake alikuwa akifanya hivyo hivyo, na yeye hakuwahi kujifunza kwa sababu alikuwa na vitabu. Maneno yalianza kujipanga kichwani mwake, vina vikatafutana, na aliyafukuza kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Akainuka, akaenda akachutama na yeye, akanyoosha mkono. Nyamizi akampa koleo.

Kichwa cha Mama Sengo kilitokea juu ya ua. Aliwatazama watu wazima wawili wamechutama mbele ya mtoto, nyuso zimepakaa majivu, hakuna anayesema lolote.

"Baba Nyamizi," aliita, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kabla mambo hayajaharibika. "Mbona kimya hivyo? Mnajua sheria. Usije ukawa unamfundisha mtoto."

Lubango hakugeuka. Alikuwa na kaa la mwisho kwenye koleo na hakutaka limponyoke.

"Simfundishi, Mama Sengo. Ananifundisha yeye."

Mama Sengo alilijua kila tamko la nchi ile, la wazazi, la walezi, la wakaguzi. Aliegemeza kidevu juu ya ua, akaanza kulitafuta linalomkataza mtoto kumfundisha baba yake. Nyamizi alifunika chungu kwa ule mfuniko uliopinda, akaubana kwa jiwe. Jua lilizama nyuma ya paa, na Mama Sengo alikuwa bado anatafuta.